Ndege Niliyemgeuza Shingo

Nakawa, Kampala

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama naye nampa shikamoo yake, mfikishie kwa sauti, maana najua atakuwa jikoni anajifanya hasikilizi.

Kabla hujauliza lolote, pumua. Sijafungwa, sijapigwa, wala sijavushwa mpaka kama gunia la magendo. Najua ule ujumbe niliomtumia dada Saumu uliwatoa roho. Niliandika, "Niombeeni, nimeharibu kazi ya serikali," simu ikaisha chaji hapo hapo, na nyinyi mkabaki na maneno hayo siku nzima. Saumu ananiambia Mama alishika msahafu na wewe ukakataa kula. Nisameheni jamani. Kula sasa, Baba, nimekaa hapa nakuandikia huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au aliichua yeye? Mimi mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu na masikio yako haviivani tangu zile baruti za reli, na habari hii sitaki uipate kwa kupayukiwa na Saumu dirishani hadi Pangani nzima ijue.

Tena nina deni la jibu. Barua yako ya mwisho uliniuliza swali moja, ukalipigia mstari mara mbili: "Wewe uko huko wanakojenga barabara na mabwawa. Hebu niambie, Wachina wa leo ni rafiki zetu kama wale wa kwangu?" Ukasema shemeji, mume wa Saumu, anakubishia kila jioni kwamba taifa kubwa halina rafiki. Ukaniambia nijibu kwa nilichokiona kwa macho yangu, si kwa nilichokisikia redioni. Basi nimekiona, na kimenitoa jasho.

Unajua kazi yangu hapa. Hajat Zaituni, mwenye karakana, ambaye babu zake walitoka pwani yetu na kuhamia Kampala zamani hizo, alinichukua kwa ajili ya mkono wangu wa kutarizi kofia. Miaka miwili sasa namtarizia mabango ya harusi, majoho ya wahitimu na bendera. Usilolijua, kwa sababu nilikuficha, ni kwamba kibali changu cha kazi kinakwisha mwezi huu, na hakirefushwi bila barua ya Hajat. Bila barua hiyo nafungasha virago na kurudi nyumbani kukaa kwa Saumu. Nampenda Saumu, lakini mumewe anakoroma na mimi nina umri wa kuwa na mlango wangu.

Sasa ikaja oda. Ujumbe mkubwa wa China unakuja kukutana na wakubwa wa hapa katika hoteli moja ya Nakasero, na meza zinataka bendera ndogo, jozi thelathini, ya Uganda na ya China zikae pamoja kwenye kila kibao cha kusimikia vijiti vyake. Barua ya oda ilisisitiza mambo mawili: zitariziwe kwa mkono pande zote mbili, na zilingane vipimo, isizidi moja hata kwa unene wa uzi.

Karakana ikawa bunge. Nakato, mwenzangu wa cherehani ya pili, msichana wa Kawempe asiyefunga mdomo hata akiwa amebana pini kwa meno, akaanza kwa Kiswahili chake cha Kiganda, ambacho jamani yake ni banange. "Lafiki gani hawa, banange? Nenda sokoni uangalie bendela ya Uganda, nyingi zinachapwa kwao. Mutu anakuuzia hata bendela yako, halafu anakuambia ni lafiki?" Hajat akamwambia ashone. Nakato akashona, lakini akaendelea.

Hajat naye alikuwa na lake. Alisema babu yake aliiona bendera ya Mwingereza ikipanda, na hakuna aliyemuuliza babu kitu wala kumwagiza ashone ya kwake iwekwe kando. "Hawa wanataka mbili, zilizo sawa," alisema. "Si haba." Mimi nikawasimulia habari zako, Baba. Nikawaambia ulivyokula mezani na wale Wachina wa reli ya kwenda Zambia, ulivyolala nao kwenye mahema, na yule msimamizi wako aliyebeba mataruma ya reli begani pamoja na nyinyi mpaka nguo ikachanika. Nakato akatoa pini mdomoni. Akasema, "Huyo alikuwa lafiki ya baba yako. Sawa. Inchi yake je?" Nikajifanya natafuta mkasi.

Siku iliyofuata Hajat akapata msiba Masaka, akaondoka. Kazi akaniachia mimi. Nakato achukue za China, mimi za Uganda.

Bendera ya China, Baba, inahitaji uangalifu kuliko unavyodhani. Ina nyota kubwa moja na ndogo nne pembeni yake. Ukizitazama juu juu utadhani zimemwagwa tu. Kumbe kila nyota ndogo imepinda kidogo, ili ncha yake moja ielekee katikati ya ile kubwa. Nilimsaidia Nakato kuzipima kwa rula na uzi siku nzima, mpaka nikifumba macho naona nyota zinainamia mkubwa wao.

Ya Uganda ina milia sita iliyolala, nyeusi, njano, nyekundu, tena nyeusi, njano, nyekundu. Katikati kuna duara jeupe, na ndani ya duara ni yule korongo wao mwenye taji kichwani, mguu mmoja kaunyanyua. Kielelezo cha Hajat kilikuwa ukutani mbele yangu. Ndani yake korongo anautazama mlingoti. Nilikiona, Baba. Siwezi kusema sikukiona.

Lakini nikaweka jozi ya kwanza kwenye kibao, ya Uganda kushoto, ya China kulia, nikasogea nyuma nitazame. Nikapigwa na butwaa. Ndege alikuwa amempa mgeni mgongo! Nyota zote za watu zimekaa kwa heshima, na huyu wetu kageuka zake, makalio kwa mgeni, mkia juu. Mimi nimelelewa na Mama, unamjua. Nyumbani kwetu mgeni akiingia unahamisha hata mkeka ili usimpe kisogo. Ulinichapa siku moja kwa kumpita imamu kwa mgongo, hukumbuki? Mimi nakumbuka.

Nikajisemea, kielelezo hiki ni cha bendera iliyo peke yake, haina mgeni kando. Aliyekichora hakufikiria meza. Kwa nini nisimpigie Hajat kumuuliza? Kiburi, Baba. Nilitaka arudi anikute nimewaza jambo ambalo hata yeye hakuliwaza. Nikamfumua yule wa kwanza, nikamgeuza. Thelathini, mbele na nyuma, kila mmoja anamtazama mgeni kwa unyenyekevu kabisa. Tena nikatia uzi wa dhahabu kwenye taji, na nikajipongeza.

Asubuhi ya mkutano mimi na Nakato tukapanda bodaboda mbili na maboksi yetu mpaka hotelini. Wakubwa wanaingia saa nne, sisi tulifika saa moja na nusu. Tukapanga meza. Zilipendeza, Wallahi. Akaja afande wa itifaki, Okot jina lake, mtu wa Gulu, mrefu, kiatu kinang'aa. Alikulia kambini, baba yake alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha huku, hakijali ngeli lakini kinafika.

Akashika bendera ya kwanza. Akaiweka. Akashika ya pili. Akapita meza zote, akarudi.

"Nani alishona hii?"

"Mimi, afande."

"Wewe mutu ya wapi?"

"Tanzania, afande. Pangani."

Akaiinua moja usawa wa macho yangu. "Hii ndege yetu inaangalia mti yake ya bendera," akasema. "Kwa shule inaangalia mti yake. Kwa kambi inaangalia mti yake. Mimi nilipiga saluti kwa hii ndege tangu nilikuwa kidogo. Leo inaangalia mugeni. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mkeka, imamu, mgeni hapewi mgongo. Nikawa najisikia jinsi ninavyosikika. Mgeni, tena mwenye kibali kinachokwisha, amegeuza alama ya taifa la watu na sasa anahubiri adabu.

"Ile ni nyumba yenu," akasema Okot, wala hakupandisha sauti. "Hii ni inchi." Akatoa daftari mfukoni, akaniuliza jina langu kamili na namba ya kibali. Nikampa. Akaandika, akatazama saa, akasema anaenda kumwambia mkubwa wake, nami nisitoke. Hapo ndipo nilipomwandikia Saumu.

Nilikaa chini sakafuni, Baba, nikalia. Kila ndege alinichukua saa nzima kumtarizi, na mkutano ulikuwa baada ya saa mbili. Nakato akampigia Hajat, Hajat yuko njiani kutoka Masaka, sauti inakatika. Niliyosikia ni maneno mawili: "Acha kulia."

Basi nikapangusa macho. Nikaiokota bendera moja, nikachomoa kijiti chake, nikaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu la shati. Milia imelala. Duara liko katikati. Ndege yuko pande zote mbili. Mara nikaona. Ndege haguswi! Kosa haliko kwake, liko kwenye ule ukanda mweupe wa kupitishia kijiti. Ukiufumua upande huu na kuushona upande wa pili, kijiti kinahamia mbele ya macho yake, na korongo anautazama mlingoti wake bila kuguswa hata unyoya, ingawa kibaoni mgeni atapewa tena mgongo. Nikapiga ukelele. Nakato akasema, "Banange, wewe mwendawazimu," akachukua wembe akaanza kufumua kabla sijamaliza kueleza.

Kwenye chumba cha dobi cha hoteli kulikuwa na cherehani. Yule mama wa dobi alikubali tuitumie, akajiunga nasi. Na hapo ndipo akaingia msichana mmoja wa Kichina, koti jeusi, beji shingoni, rula mkononi. Alikuja kukagua nyota zake.

"Hamjambo dada zangu," akasema. "Nyota zenu ziko sahihi kabisa, hongereni." Kiswahili safi, Baba, kuliko chetu sote mle chumbani, ngeli zote mahali pake. Kumbe alisomea Dar es Salaam. Jina lake Lin. Akaniona macho mekundu, akauliza, nikamweleza.

Akaitazama bendera, akasema, "Kwetu hakuna mtu ambaye angegundua." Alisema kwa wema, anifariji. Lakini maneno yale yalinichoma kuliko ya Okot, na wakati ule sikujua kwa nini.

Halafu akavua koti, akaketi sakafuni pamoja nasi, akatoa kimkasi cha kucha kwenye pochi, akaanza kufumua. Huyo hapo, mtoto wa taifa kubwa, miguu kaikunja, uzi umemjaa sketini. Nikamwambia habari zako na reli. Akasema, "Babu zetu walikuwa marafiki," kwa sauti ya mtu anayesoma kitabuni. Kisha akacheka, akasema kweli yeye hajui, babu yake alikuwa mkulima wa viazi na hakuwahi kutoka wilayani kwao. Tukacheka wote, hata mama wa dobi. Nilimpenda, Baba. Ningempa mahali pa kulala kwetu bila kuuliza.

Tulikuwa tumefika ya ishirini na mbili simu yake ilipolia. Akasimama kabla haijalia mara ya pili. Akavaa koti, akapangusa nyuzi, akasema, "Samahani, naitwa," na uso wake ukawa mwingine. Tulipokuwa tunarudisha bendera mezani alipita karibu yangu na wakubwa wake, karibu kabisa, wala hakunitazama. Sikumkasirikia. Alikuwa kazini, na watu wake walikuwa naye.

Zilizobaki tulizimaliza bila yeye. Dakika kumi kabla ya saa nne Okot alirudi. Akapita meza moja moja, akiinama. Thelathini. Akafungua daftari, akaniambia, "Saini hapa." Nikajua ndiyo hati ya mashtaka yangu. Nikasaini huku nimefumba jicho moja. Nilipolifumbua nikasoma: bendera jozi thelathini, zimepokelewa, ziko sawa. Ukurasa wenye jina langu na namba ya kibali alikuwa ameuchana, akanipa mkononi.

"Mukubwa anasemaje, afande?"

"Nilikuta yeye anakunywa chai. Nikasema iache kwanza yeye amalize." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kosa ikiisha, unaandika nini?"

Baba, nilitaka kumkumbatia afande wa watu! Nakato alinishika mkono, akijua.

Tulibaki nyuma ya mlango wa jikoni kusubiri maboksi yetu, na pale nilimwona mgeni mkuu mwenyewe. Aliketi, bendera mbili mbele yake, korongo kaipa bendera ya kwao mgongo mtupu, mkia juu kama nilivyokueleza. Aliongea, akasikiliza, akanywa maji, akacheka na wenyeji, akabishana nao kidogo juu ya karatasi. Hakumtazama yule ndege hata mara moja. Mimi nilihangaika siku kumi kumfurahisha mtu yule, nikahatarisha kibali changu na jina la Hajat, na yeye hakuwa na habari kama nipo wala kama ndege yupo.

Hajat alifika adhuhuri, bado ana nguo za msiba. Nakato alimweleza yote, akaongeza na yake. Hajat akanisikiliza nami, kisha akanipa zangu. Akasema hajakasirika juu ya ndege. Amekasirika kwamba nilikiona kielelezo na sikumuuliza. "Mgeni gani alikuambia umgeuze?" akauliza. "Nionyeshe barua." Nikasema hakuna barua. "Afande alikuambia? Mchina alikuambia?" Nikasema hapana. Akaguna tu, akaenda kuswali.

Basi hili ndilo jibu langu, Baba, na shemeji msomee. Yule msimamizi aliyebeba mataruma nawe alikuwa rafiki yako, na hilo hakuna wa kukunyang'anya, hata shemeji. Lin naye alikuwa rafiki yangu kwa bendera ishirini na mbili, nami simdai zaidi. Nchi yao ina mlingoti wake inaoutazama, wala sioni ubaya, kila nchi imetariziwa hivyo. Wamejenga, wamekopesha, wamechukua, na wenye akili kuliko mimi wabishane juu ya hesabu hizo. Lakini usiniulize tena kama taifa kubwa linatupenda. Hakuna Mchina aliyeniomba nimgeuze korongo. Hakuna mkubwa yeyote aliyeniagiza. Niliishika sindano mwenyewe, nikamgeuza shingo mwenyewe, mara sitini, na nikatia uzi wa dhahabu.

Hilo ndilo lililonitisha, na nashukuru limenitisha mapema, kwenye vitambaa.

Msalimie Mama, umwambie adabu aliyonifundisha bado ninayo, nimejua tu pa kuiweka. Msalimie dada Saumu, na mumewe, shemeji mbishi, mwambie hajashinda ila hajashindwa pia. Msalimie shangazi Mwanaisha aliyenifundisha kutarizi kofia, mwambie mkono wake umesifiwa Kampala. Na wapwa zangu wawili, wapokee busu kichwani, na waache kuchezea miwani yako.

Hajat ameniita sasa hivi, ndiyo maana mwandiko umeruka. Ameniwekea karatasi mezani na kusema niisome kama Kiingereza chake kina makosa. Imeandikwa kwa idara ya uhamiaji, kwamba anaomba nirefushiwe kibali, kwa kuwa karakana haina fundi mwingine anayejua upande anaotazama ndege.

Wako mwenye kazi,

Mwanaidi